Ukigonga mnyama wa pori usiku, Taru hadi Manyani: usimame au uende?

#1 Nahodha_Nchi_Kavu
Salamu wana barabara. Kila dereva pale Miritini ana jibu lake kwa swali hili, na majibu hayafanani. Gari dogo limetoka Mombasa saa mbili usiku, limepita Mackinnon Road, limepita Maungu, na kabla ya Voi limegonga mnyama. Wengine wanasema shuka uangalie. Wengine wanasema zima injini papo hapo. Msimamo wangu ni huu: gari likiweza kwenda, liende. Usimame penye taa na watu, iwe Maungu, Voi, Manyani au kizuizi cha polisi kilicho karibu. Gizani hushuki. Mwenye hoja nyingine ailete.

#2 TaaMoja
Hapo unafundisha watu kugonga na kukimbia. Sheria ya Trafiki, kifungu cha 73, inasema dereva asimame ajali ikitokea. Haisemi asimame penye vibanda vya chapati.

#3 Kalamu_ya_Bima
TaaMoja, soma mpaka mwisho. Kifungu hicho kinataka usimame na utoe jina, anwani na namba ya gari kwa mwenye haki ya kuviuliza. Ikishindikana, uripoti polisi mapema iwezekanavyo, na isizidi saa 24. Pundamilia hatakuuliza jina. Ukifika kituo cha kwanza ukaandikisha kwenye OB, kitabu cha matukio cha polisi, umetimiza lako. Kuna watu wanabishana kama mnyama wa pori amehesabiwa kwenye kifungu hicho au ni mifugo peke yake. Usiingie kwenye ubishi huo, wewe ripoti tu, kwa sababu bila namba ya OB hupati abstrakti ya polisi, yaani hati yao ya ajali, na bila abstrakti bima haifungui faili.

Kesi inageuka kama umegonga ng'ombe, mbuzi, punda au ngamia. Hao wana mwenyewe. Na kama kuna binadamu ameumia, pamoja na abiria wako, hesabu yote ya #1 inafutika: unasimama, unasaidia, unapiga 999 au 112.

#4 Mtaita
Yote mawili yanategemea umegonga nani. "Mnyama" ni neno pana mno kwa barabara ile.

Digidigi ana kilo tatu hadi sita. Gari linaweza kupasua bampa na taa ya ukungu, basi. Lakini digidigi huishi wawili wawili, kwa hiyo mmoja akikatiza, tarajia wa pili. Swala pala na pundamilia ndio wabaya zaidi kwa hilo: wa kwanza anavuka, dereva anashusha pumzi na kuongeza mafuta, wa tatu anaingia kwenye grili. Pundamilia anafika kilo 300. Hapo redieta imekwisha.

Nyati ni kilo 500 mpaka 900. Akijeruhiwa hakimbilii mbali, anaingia majanini hatua chache na kukungoja. Ukishuka kuangalia bampa, yeye anakuangalia wewe. Tembo usiseme "nimegonga tembo", sema nimegonga familia. Ukigusa ndama, mama na shangazi wako mita chache, na gari dogo wanaligeuza. Hapo hakuna honi, hakuna kumulika taa kubwa. Kama injini inawaka, ondoka polepole, na kama kundi liko mbele yako rudi kinyumenyume huku umeshusha taa.

Mzoga wenyewe nao unaita. Fisi watafika, na ile ni Tsavo, simba wapo. Kwa hiyo katika hili naungana na Nahodha.

#5 FundiSpana
"Likiweza kwenda, liende" ni nusu ya jibu, na nusu iliyobaki ndiyo inayoua injini. Gari linaweza kwenda kilomita tano vizuri kabisa kisha likaungua hedi gasketi, na ukikaidi zaidi silinda hedi inapinda. Bili ya injini inaishinda ya bampa mara nyingi.

Ukiwa ndani ya gari, angalia na usikilize vitu hivi:

Kwanza geji ya joto. Ikianza kupanda, zima AC. Ikiendelea, washa hita mpaka mwisho na feni yake mpaka mwisho. Ndiyo, na joto hili la Taru. Hita ni redieta ndogo ya pili. Ikigusa nyekundu, zima injini hata kama uko porini, kaa ndani, funga vioo. Na ujihadhari na jambo moja: maji yakiisha kabisa, sensa inabaki hewani na geji inaweza kushuka yenyewe. Geji iliyopanda kisha ikaporomoka ghafla si habari njema.

Pili usukani. Ukivuta upande mmoja au ukitetemeka, tai rodi au lowa amu imepinda. Unaweza kwenda 30 kwa saa mpaka mahali salama, si zaidi.

Tatu sauti. Kwaruzo kwenye gurudumu ni laini ya wingi, ile plastiki inayofunika juu ya gurudumu, imegusa tairi, na itaikata. Mvumo mbele ni feni inagonga kava yake.

Nne boneti. Kama lachi imekatika, upepo utaifungua ikufunike kioo. Ukifika penye usalama, ifunge kwa kamba au waya kwenye grili kabla ya kuendelea.

Ukiwa na otomatiki, kuna la ziada. Kwenye magari mengi mafuta ya giaboksi yanapozwa ndani ya tanki la redieta. Likipasuka kwa ndani, maji na mafuta hayo vinachanganyika na kuwa uji wa waridi. Ukiona huo kwenye mdomo wa redieta, usiendeshe hata mita mia. Ita brekidauni ya kubeba. Ya kuburuta haifai, kwani otomatiki ikiburutwa magurudumu ya nguvu yakiwa chini, giaboksi inazunguka bila kulainishwa.

#6 Makupa_Mzunguko
Shukrani fundi. Na ile ya kuvunja yai kwenye redieta? Wazee wa Fuso wanaapa kwayo. Wengine pilipili manga.

#7 FundiSpana
Yai linaziba, ami, sibishi. Linaziba tundu, na hita, na mirija myembamba ya redieta yenyewe. Kisha unalipa kuosha mfumo mzima. Kwa mrija mmoja uliotoboka wa redieta ya kizamani ya shaba au ya alumini, kata mapezi pande zote mbili za tundu, ukunje mrija, ubane kwa koleo kila upande. Unapoteza mrija mmoja kati ya makumi na gari linafika Mombasa. Tanki la plastiki likipasuka, dawa ni kubadilisha redieta, hakuna ujanja.

Ukitaka kupunguza kasi ya kuvuja, injini ikishapoa kabisa legeza kifuniko mpaka hatua ya kwanza, presha ishuke. Lakini maji yasiyo na presha yanachemka mapema, basi nenda taratibu na jaza kila kilomita chache. Lita 10 za maji kwenye buti ni lazima kwa barabara ile, 20 ni bora. Na kifuniko hakifunguliwi cha moto. Nusu saa, kisha kitambaa kinene.

#8 BiKisauni
Wanaume wote hapa mnazungumzia baada ya kishindo. Hesabu ya kabla hamuitaki kwa sababu inawagusa mguu wa kulia.

Mwendo wa 100 ni karibu mita 28 kwa sekunde. Kuona, kuamua na kukanyaga breki ni sekunde moja na nusu kwa mtu aliye macho kabisa, yaani mita 42 zimekwenda bure. Breki nzuri, lami kavu, tairi zenye meno: mita 55 hivi nyingine. Jumla karibu 100. Taa za chini zinakuonyesha kitu cheusi kwenye mita 50, labda 60. Kwa hiyo ukiwa na 100 na umedimu taa kwa ajili ya trela linalokuja, unaendesha gizani. Kwa 80 unahitaji kama mita 70. Kwa 60, kama 45. Ni hapo tu ndipo taa na breki vinakubaliana.

Na msitegemee macho yanayong'aa. Twiga macho yake yako juu ya mwanga wako, unaona miguu minne tu kama miti. Tembo hivyo hivyo, na wa Tsavo wamejipaka udongo mwekundu. Nyati ni mweusi kwenye lami nyeusi.

#9 Nahodha_Nchi_Kavu
Bi, nimekubali. Lakini nani anakwenda 60 kutoka Taru hadi Voi na nyuma yake kuna basi la Nairobi?

#10 BiKisauni
Basi lenyewe kisheria ni 80. Mwache apite.

#11 TaaMoja
Kuhusu kukwepa: mimi nasema kwepa. Lami ni pana.

#12 FundiSpana
Yakhe, ukikwepa kwa 90 gurudumu la kushoto linatoka kwenye lami, linaingia kwenye changarawe iliyo chini kidogo, unarudisha usukani kwa nguvu, na Noah au Probox iliyobeba mzigo juu inabingirika. Au unaingia mbele ya trela. Digidigi, ngiri, nyani, hata pala: breki zote, usukani umenyooka, ugonge. Gari lenye ABS, breki zisizofunga magurudumu, mguu unabaki chini hata pedali ikitetemeka. Ukipata mita 30 tu za breki kabla ya kugonga, 100 inakuwa kama 70, na nguvu ya pigo imepungua kwa nusu.

#13 Mtaita
Kwa wadogo nakubali. Kwa twiga na ngamia, hapana. Gari linafagia miguu, mwili wenye uzito wa nusu tani na zaidi unaanguka kwenye kioo na paa. Huyo lenga nyuma yake, alikotoka, kwani mara nyingi anaendelea mbele. Na achia breki nukta ya mwisho ili pua ya gari inyanyuke, asipande kwenye kioo.

#14 Makupa_Mzunguko
Nukta ya mwisho nani anakumbuka kuachia? Mguu utakuwa umeganda. Tena twiga akishtuka anarudi alikotoka.

#15 Mtaita
Anaweza. Ndiyo maana nikasema mara nyingi.

#16 PwaniTrela
Suluhisho ni bulbaa, ile fremu ya chuma mbele ya gari. Wenye bulbaa hawaandiki nyuzi ndefu.

#17 FundiSpana
Bulbaa ya aina gani? Ile ya mabomba mepesi iliyofungwa kwenye bampa kwa bolti mbili ni pambo. Ikigongwa inarudi nyuma na kuingia kwenye redieta, jambo ambalo bampa ya plastiki isingelifanya. Bulbaa ya kweli inashika chesisi pande zote mbili, na hiyo inaongeza makumi ya kilo mbele, springi zinalala, taa zinaelekea juu. Pia inabadilisha jinsi pigo linavyofika kwenye sensa za eabegi. Kwenye pikapu yenye chesisi sawa. Kwenye gari dogo, hapana.

Na matatu za HiAce, injini iko chini ya viti, magoti ya dereva yako nyuma ya bati tu. Hapo dereva ndiye bampa. Hao ndio wa kwenda 60, si wenye Land Cruiser.

#18 Swahiba_wa_Likoni
Mnasahau kitu. Tembo ni mali ya serikali. Akiharibu gari lako KWS, shirika la wanyamapori, wanalipa gari zima. Sheria ya 2013.

#19 Kalamu_ya_Bima
Pole pole, Swahiba. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013, iliyoanza kutumika Januari 2014, ina kifungu cha 25. Kifo kinachosababishwa na mnyama aliyeorodheshwa: shilingi milioni 5. Jeraha la ulemavu wa kudumu: milioni 3. Jeraha jingine: hadi milioni 2 kulingana na ukubwa wake. Upande wa mali, sheria inataja mazao, mifugo na mali nyingine. Dai linapelekwa kwa kamati ya kaunti, linakaguliwa, kisha linasubiri fedha, na foleni ya malipo inahesabiwa kwa miaka. Neno "mali nyingine" ndilo wenye magari wanalining'inia. Upande wa pili unajibu kwamba si tembo aliyeligonga gari, ni gari lililomgonga tembo barabarani. Jaza fomu, ndiyo, hakuna gharama. Lakini usimwambie fundi aanze kazi kwa kutegemea hiyo.

Tegemea bima, kama ni komprehensivu. Thadi pati hailipi gari lako hata shilingi. Fanya hivi: piga simu kwa kampuni siku hiyo hiyo. Piga picha za gari lote, namba, mahali penyewe ukipaona salama, na hasa manyoya na damu kwenye grili. USIOSHE GARI kabla asesa, mkaguzi wa bima, hajaliona. Manyoya ndiyo shahidi wako. Aliyekwepa akabingirika bila kugusa mnyama hana shahidi, na ripoti itaandikwa "alishindwa kulidhibiti gari". Kisha fomu ya dai, abstrakti, nakala ya leseni na ya logibuku, hati ya umiliki wa gari. Eksesi, sehemu ya hasara ambayo bima hailipi, unabeba mwenyewe, na kioo cha mbele kina kikomo chake, soma mkataba wako wa bima.

#20 Makupa_Mzunguko
Sasa FundiSpana anasema funga boneti, wewe unasema usiguse. Tumsikilize nani?

#21 Kalamu_ya_Bima
Kufunga kamba si kukarabati. Piga picha kabla na baada.

#22 PwaniTrela
Na digidigi mwenyewe? Buti iko wazi, mchele wa nazi upo nyumbani 😂

#23 BiKisauni
Aliyegongwa akafa ni mzoga, PwaniTrela. Madrasa ulikwenda?

#24 Mtaita
Na serikali haitakuuliza kama alichinjwa. Uwindaji Kenya umepigwa marufuku tangu 1977, na kukutwa na nyama ya pori ni kosa hata kama uligonga bila kukusudia. Kizuizini Manyani buti linafunguliwa, tena pale KWS wana chuo chao. Ajali unaeleza ikaeleweka, nyama kwenye buti haielezeki. Pembe, ngozi, hata miiba ya nungunungu, acha. Mjulishe KWS, makao ya Tsavo Mashariki yako Voi, nao wataondoa mzoga au kumtibu aliye hai. Usijaribu kummalizia mwenyewe.

Mzoga pia unaweza kuwa na kimeta. Usiguse damu kwa mkono mtupu. Mtu akiumwa au kukwaruzwa na nyani, mbweha au mnyama yeyote aliyejeruhiwa, aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali kwa chanjo ya kichaa cha mbwa siku hiyo hiyo. Asingoje kuona.

#25 MbegaDiani
Nyote mnatazama Voi. Huku kusini hatugongi tembo, tunagonga mbega, kima na tumbili, na mchana kweupe. Barabara ya Diani imekata msitu katikati. Ndiyo maana kuna zile ngazi za kamba juu ya lami, za Colobus Conservation, na mbega wanazitumia. Dereva anayeona ngazi ajue hapo ndipo njia yao. Ukigonga huku, ushauri wa #1 haufai. Simama, washa taa za hazadi, waite hao watu wa Colobus Conservation, wana kliniki. Aliye hai usimshike, anauma. Kama ni jike, tazameni kama kuna mtoto amemshika tumboni, mara nyingi yeye ndiye mzima.

#26 Nahodha_Nchi_Kavu
Sawa, Diani nimeitoa. Sasa nielezeni, kwa nini barabara ya Voi inaonekana kuwa na wanyama wengi lamini kuliko zamani?

#27 Mtaita
SGR, reli mpya ya Mombasa kwenda Nairobi. Ilianza 2017, ina tuta na uzio, na mapito ya chini. Tembo anapita chini ya reli salama, kisha anatokea kwenye lami, na lami haina pito. Njia zilizokuwa zimetawanyika zimebanwa kuwa chache.

#28 BiKisauni
Hiyo inaeleza tembo. Haielezi pala na pundamilia. Hao wanafuata nyasi. Maji ya mvua yanateleza kwenye lami na kukusanyika ukingoni, basi kiangazi ukingo ndio wenye kijani cha mwisho.

#29 Swahiba_wa_Likoni
Ni ukame wenyewe. Wanatafuta maji huku kwenye ranchi za Taru, lazima wavuke.

#30 PwaniTrela
Na nyani wanafuata mahindi yanayomwagika kwenye malori na ndizi mnazowatupia dirishani. Msiwasingizie Wachina waliojenga reli.

#31 TaaMoja
Au wanyama ni wale wale, malori ndiyo yameongezeka, na kila mtu sasa ana taa za LED zinazompofusha anayekuja. Huoni mnyama kwa sababu huoni chochote.

#32 Mtaita
LED zinaongeza ajali, haziongezi tembo lamini. Nahodha aliuliza wanyama.

#33 TaaMoja
Aliuliza kwa nini "inaonekana". Soma mpaka mwisho, kama nilivyoambiwa huko juu 😏

#34 Makupa_Mzunguko
Kabla hamjaanza tena. Fundi, asesa ameshaona gari. Damu na utumbo vimekauka ndani ya boneti, harufu haivumiliki. Nioshe vipi?

#35 FundiSpana
Injini baridi. Glavu, na barakoa usiache. Maji baridi kwanza, kwani ya moto yanaipika damu ikagandamana. Chukua sabuni ya kawaida na brashi laini, anza na kondensa na redieta ukipiga maji kutoka upande wa injini kwenda nje, na presha ndogo isilaze mapezi. Funika altaneta na kisanduku cha fyuzi kwa plastiki. Klorini tumia kidogo, iliyochanganywa na maji, kwenye plastiki tu, kisha suuza sana kwa sababu inakula alumini. Harufu ikirudi injini ikipata moto, kuna kipande kwenye bomba la ekzosi au juu ya sahani ya chini ya injini. Fungua sahani hiyo, bolti namba 10 nyingi, ndipo mabaki hujificha. Tazama pia chujio la hewa ya kabini.

#36 PwaniTrela
Na trei ya waipa, chini ya kioo. Manyoya yanaziba tundu la maji, mvua ikija maji yanaingia miguuni kwa abiria.